Tupeane uzoefu: fungate fupi ya ufukweni kwenye baridi na masharti ya korona

Mshenga_Ratiba
Wakuu, swali la fungate ya siku tatu nne baharini, kwenye baridi hii na korona hii, limeulizwa tena jana, majibu yakapotelea kwenye ubishi wa keki. Tuyaweke hapa. Naanza na kosa linaloharibu fungate nyingi kuliko mengine: kuondoka kesho yake ya harusi. Harusi ndiyo mkusanyiko mkubwa kuliko yote mtakayohudhuria mwezi huo. Kila mtu anawakumbatia, na barakoa zinashushwa kwa ajili ya picha. Omikroni, aina ya kirusi cha korona, huchukua takriban siku tatu tangu kuambukizwa hadi dalili kutokea. Harusi Jumamosi, safari Jumapili, Jumanne koo linawasha, nanyi mko katikati ya fungate. Acheni siku tano kati ya harusi na safari. Pimeni siku ya tatu, rudieni asubuhi ya siku ya tano, ndipo mizigo iingie garini.

Bi_Kitasa
Umenena.

Tanga_Moja
Mkuu, hizo siku tano nani anazo? Likizo ya ndoa ni fupi na inahesabiwa kuanzia siku ya harusi. Heri wapunguze wageni kuliko kusogeza safari.

Mshenga_Ratiba
Kupunguza wageni kunapunguza uwezekano tu, hakuufuti. Mgeni mmoja anatosha. Waombe likizo igawanywe mara mbili, ombi liandikwe kabla kadi hazijasambazwa. Ikishindikana, harusi ifungwe katikati ya wiki, safari iangukie wiki inayofuata.

Mwana_wa_Hesabu
Kwa wanaovuka mpaka: hesabuni saa, msihesabu siku. Sharti la "PCR ya saa 72", yaani kipimo cha maabara cha korona, lililowekwa na nchi nyingi mwaka 2021, lilikuwa na ncha mbili, na kila nchi ilizifunga ilivyotaka. Ncha ya kwanza ni saa inaanza kwenda lini, mnapochukuliwa sampuli au majibu yanapotoka. Mara nyingi ilikuwa sampuli. Ncha ya pili ni inakoma lini, mnapopanda chombo au mnaposhuka. Mfano: sampuli Alhamisi saa tisa alasiri. Saa 72 zinakwisha Jumapili saa tisa alasiri. Feri inaondoka saa nane na kufika saa kumi na moja. Sharti likihesabu kupanda, mmepita. Likihesabu kushuka, mmechelewa kwa saa mbili, na kaunta ya kuondokea hawatawaruhusu kupanda.

Sharti lenyewe nalo halikutulia. WHO, Shirika la Afya Duniani, ilitangaza Omikroni kuwa aina ya kirusi inayotia wasiwasi tarehe 26 Novemba 2021. Kufikia 6 Desemba Marekani ilikuwa imeshakata muda wa kipimo kabla ya safari ya ndege kuingia nchini, kutoka siku tatu hadi siku moja. Siku kumi tu! Kwa hiyo soma sharti siku unapobuku, lisome wiki moja kabla, kisha usiku wa kuamkia kipimo.

Na dada zangu: msibadilishe jina kabla ya safari. Pasipoti, tiketi, cheti cha chanjo na majibu ya kipimo vyote vibebe jina moja, herufi kwa herufi. Jina la ndoa lisubiri mrudi.

Kiti_cha_Dirishani
Hilo la jina liandikwe kwa wino mwekundu.

Mpima_Hewa
Nyongeza kwa aliyeugua karibuni: PCR inaweza kuendelea kusoma chanya hadi siku 90 baada ya kupona, kwa sababu inanasa mabaki ya kirusi. Usikimbilie kuifanya tena. Uliza kama wanapokea cheti cha kupona, au kipimo cha haraka cha antijeni. Hicho cha antijeni kisomwe ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake, vingi ni kati ya 15 na 30. Mstari hafifu unaojitokeza baada ya muda huo hauna maana, msilie bure.

Bi_Kitasa
Sasa nyumba. Chagueni nyumba nzima yenye jiko, na kitasa cha namba ili msikutane na mtu mapokezini. Amri ya kutotoka usiku ikiwekwa ghafla au migahawa ikifungwa, mna pa kupikia. Mkifika, beba dawa ya kuua vijidudu, futa vitasa vyote, swichi, rimoti, mabomba, milango ya kabati...

Mpima_Hewa
Dada, kwa heshima, hapo unawachosha bure. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ilieleza Aprili 2021 kwamba kugusa sehemu yenye kirusi kunaambukiza chini ya mara moja kwa kila migusano 10,000. Korona inasafiri kwa hewa. Mkifika fungueni madirisha ya pande mbili kwa nusu saa, wenyewe mkae nje na makoti yenu. Mkiweza bebeni kipima kaboni dioksidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua. Hewa ya nje ni kama sehemu 420 kwa milioni. Sebule ikibaki chini ya 800 hewa inazunguka vizuri. Ikivuka 1,500 mnavuta pumzi za watu wengine.

Bi_Kitasa
Kufuta rimoti ni dakika tatu, hakumwumizi mtu. Kufungua madirisha nusu saa kwenye baridi ya pwani ni kupoteza joto lote la nyumba, na kulirudisha ni saa mbili.

Nahodha_Mstaafu
Msigombane. Kwenye upepo mkali dirisha la joshi, yaani upande upepo unakotokea, lifunguliwe upana wa vidole viwili, na la demani, upande wa pili, lifunguliwe wazi. Hewa inabadilika kwa dakika kumi na kuta hazipoi.

Mama_Bima
Mnazungumzia madirisha, mimi nataka kusema usiku wa pili, wakati mstari wa pili umetokea kwenye kipimo, yaani korona ipo. Hapo ndipo kila kitu ambacho hakikuulizwa mapema kinadai majibu kwa pamoja. Mmoja ana homa. Mwenzake hana kitu, lakini anaweza kuhesabiwa kuwa amekaribiana na mgonjwa. Nyumba imelipiwa hadi Ijumaa na Ijumaa hiyohiyo saa kumi jioni wanaingia wageni wengine. Basi, treni na ndege si za kupandwa na mwenye maambukizi. Mwongozo wa CDC wa tarehe 27 Desemba 2021 ulisema kujitenga siku tano, kisha barakoa siku tano nyingine. Kwingine zilikuwa saba, kwingine kumi. Siku ya dalili kuanza ilihesabiwa sifuri, moja ni kesho yake. Wengi walikosea hapo na kutoka siku moja mapema.

Kwa hiyo kabla hamjalipa, mwandikieni mwenye nyumba, naye ajibu kwa maandishi: tukiugua humo ndani, tunaweza kubaki, na kwa bei gani kwa usiku? Wageni wanaofuata utawapeleka wapi? Serikali ikifunga eneo lenu, au letu, tunarudishiwa pesa au tunapewa vocha? Vocha inakufa lini? Swali la "eneo letu" watu hulisahau. Pwani inaweza kuwa wazi huku ninyi mmefungiwa mjini kwenu, na mwenye nyumba akasema nyumba ipo, mmeacha kuja wenyewe.

Bima nayo isomwe kipengele kwa kipengele. Janga likishakuwa jambo linalojulikana, bima nyingi za safari hulitoa. Zile zinazolikubali kwa kawaida hulipa mkiugua, si mkiogopa, na mara nyingi si serikali ikifunga. Zinataka majibu ya maabara yenye jina na tarehe. Picha ya kipimo cha nyumbani haiwafai. Inunueni siku ileile mnayolipa malazi.

Na chagueni nyumba yenye vyumba viwili vya kulala, hata kama ni fungate. Choo cha pili kikiwepo, bora zaidi. Chumba cha pili chenye mlango ndicho kitakachomkinga mwenzako.

Tanga_Moja
Mama, nilikuja kupinga, sasa nakubali. Usafiri nao uwe gari lenu wenyewe, ili mkiugua mrudi bila kupanda chombo pamoja na watu wengine.

Kiti_cha_Dirishani
Mbona hakuna anayezungumzia bahari yenyewe? Ufuo wa baridi uko mtupu, hakuna msongamano, ndiyo sababu ya kwenda.

Nahodha_Mstaafu
Mtupu, na kwa hiyo hakuna wa kukuokoa. Wanaofikiria siku zinazokaribia mwezi mpevu: mtakuwa kwenye bamvua, wakati maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yatakupwa mbali sana, mchanga utaonekana kama uwanja, mtauzunguka mwamba mpaka ghuba ya pili ambayo kwa kawaida haifikiki. Maji yanaanza kurudi na hamuoni kitu. Toka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita. Saa ya kwanza maji yanapanda sehemu moja tu kati ya kumi na mbili za kimo chote, ya pili sehemu mbili. Mnasema bado. Saa ya tatu na ya nne zinaleta tatu na tatu, nusu ya kimo chote kwa saa mbili, na njia ya kurudi kwenye mwamba imefunikwa. Nyuma ni jabali lililonyooka. Giza linakuja. Msijaribu kuzunguka kwa kuogelea. Maji chini ya nyuzi 15 yanakata pumzi dakika ile ya kwanza, unavuta maji badala ya hewa. Akiangukia humo mtu, alale chali aelee dakika moja hadi tatu mpaka pumzi irudi, ndipo atafute njia. Mwenzake asimfuate. Apige simu ya dharura, amrushie chochote kinachoelea.

Bi_Kitasa
Mwili umenisisimka. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu wabebe viatu vya kutembelea mchangani tu.

Mpima_Hewa
Na nguo ya kuzuia upepo. Nyuzi 5 na upepo wa kilomita 40 kwa saa mwili unasikia kama moja chini ya sifuri.

Mama_Bima
Tukiwa kwenye hatari: jiko la mkaa lisiingizwe ndani kutafuta joto, hata dirisha likiwa wazi. Kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu. Inaleta kichwa kuuma, uchovu, kichefuchefu, na msimu huu watu hudhani ni korona, wanajifungia na kulala. Kichwa kikiwauma wote wawili kwa wakati mmoja na kikapungua mkitoka nje, msirudi ndani. Pigeni simu ya dharura. Kengele ya kutambua hewa hiyo iulizwe kwa mwenye nyumba, au bebeni ya betri.

Kiti_cha_Dirishani
Nahodha, tufanyie hesabu moja. Mtu ana jedwali la maji mkononi, atoke saa ngapi?

Nahodha_Mstaafu
Tuseme jedwali linaonyesha maji kupwa saa saba na dakika kumi mchana, na jua linatua saa kumi na moja na robo. Toka saa mbili kabla ya kupwa, yaani saa tano na dakika kumi asubuhi, tembea ukifuata maji yanapotoka. Saa saba na dakika kumi ikifika, geuka, hata kama ghuba ya pili iko mbele ya macho. Kesho yake kupwa kunasogea mbele kwa dakika 50 hivi, karibu saa nane kamili. Keshokutwa ni saa tisa kasoro dakika kumi, na mwanga umebakisha saa mbili na nusu tu, kwa hiyo siku hiyo msivuke mwamba. Usome jedwali la ufuo huohuo, si la bandari ya mbali, na angalia kama limeandikwa kwa saa za eneo hilo.