Kutoa maji na chumvi kwenye mafuta ghafi: matangi ya kutuamisha, disolta moja au mbili?

Mwanafunzi_Kigamboni
Wakuu, habari za kazi. Nipo mwaka wa mwisho, uhandisi wa kemikali. Mafuta niliyopewa kwenye mradi yana maji 0.5%, na kila lita ya maji hayo ina gramu 100 za chumvi. Kabla ya kuingia mnara wa kukeneka, chumvi isizidi paundi 1 kwa mapipa 1,000, yaani kama gramu 2.85 kwa kila meta ya ujazo. Nalinganisha njia tatu: (1) kupasha moto, kutia kemikali na kuacha yatuame tangini; (2) disolta moja ya umeme, yaani chombo cha kuondoa chumvi; au (3) disolta mbili zinazofuatana. Njia ya tangi ni rahisi kuliko zote kwa bei. Mnasemaje?

FundiMaskati
Mdogo wangu, kutoa maji na kutoa chumvi ni kazi mbili. Piga hesabu: 0.5% ya meta ya ujazo ni lita 5, mara gramu 100, unapata gramu 500 za chumvi. Hata tangi lako likifanya kazi vizuri mno na kubakiza maji 0.2%, bado una gramu 200. Unatakiwa ufike chini ya 3! Tena chumvi nyingine imo kama chembe kavu ndani ya mafuta, hiyo haitoki na maji hata usubiri wiki nzima.

Ndiyo maana tunaongeza maji masafi, kama 5% ya mafuta, tunayachanganya kwa nguvu kwenye vali, kisha ndipo tunayatoa tena. Wageni wa kazi hii hushangaa: umehangaika kutoa maji, halafu unayarudisha? Lakini bila maji ya kuoshea, chumvi haina pa kwenda.

Mwanafunzi_Kigamboni
Nimeelewa kaka. Sasa kwa nini nisioshee humo humo tangini? Umeme wa nini?

FundiMaskati
Kwa sababu ya ukubwa wa matone. Kasi ya tone kuzama inafuata mraba wa kipenyo chake: tone lenye kipenyo mara 10 linazama mara 100 kwa kasi. Vali inayachanachana maji mpaka yanakuwa madogo sana, na yakishazungukwa na lami na vumbi la mwambani hayataki kuungana. Uga wa umeme wa volti elfu kumi na kadhaa hadi elfu thelathini na kitu unayavuta matone yaungane, yakue, yazame ndani ya dakika, si masaa. Joto linapunguza mnato, kemikali inavunja utando wa tone, umeme unaunganisha. Ukiondoa kimoja, vingine vinaelemewa.

Dada_Maabara
Naongeza kidogo. Joto lisizidi kiasi. Disolta nyingi zinaendeshwa kati ya nyuzi 90 na 150 za Selsiasi. Ukipandisha sana, mafuta yanapitisha umeme zaidi, transfoma inalemewa na volti zinashuka, na maji mengi zaidi yanayeyukia kwenye mafuta. Shinikizo nalo liwe la kutosha ili maji yasichemke. Pima pia pH ya maji ya kuoshea. Yakiwa na alkali nyingi, emalsheni (matone ya maji yaliyotawanyika ndani ya mafuta) inakuwa ngumu kuvunjika, hasa kwa mafuta yenye asidi.

MzeeWaChangamwe
Wanangu, mimi ni wa enzi ya kiwanda cha Mombasa, kile kilichoanza 1963 na kusimama 2013. Mafuta yalikuja kwa meli, na tangi la kutuamisha lilikuwa na heshima yake: unaliacha litulie, unafungua maji chini, ndipo unalisha mtambo. Usilidharau. Ila lisikudanganye kwamba limemaliza chumvi.

Chumvi inayotisha ni kloridi ya magnesiamu. Tanuri likiipasha mpaka nyuzi 350 hivi, sehemu kubwa inageuka gesi ya asidi haidrokloriki. Gesi hiyo inapanda juu ya mnara, inakutana na tone la kwanza la maji kwenye kipoozeo, na hapo bomba linaliwa. Kloridi ya sodiamu, hii chumvi ya mezani, ni mpole zaidi. Kwa hiyo usiulize kiasi cha chumvi tu, uliza na aina.

Mwanafunzi_Kigamboni
Shikamoo mzee, ahsante sana. Basi tangi linabaki kama hatua ya mwanzo. Disolta moja haitoshi?

FundiMaskati
Fanya hesabu yako mwenyewe, chukulia mchanganyiko ni kamili. Gramu 500 zinaingia kwenye lita 55 za maji: 5 za awali na 50 za kuoshea. Ukitoa maji na kubakiza 0.2%, yaani lita 2, zinabaki gramu 18 hivi. Bado ni zaidi ya mara sita ya kikomo chako. Osha mara ya pili kwa lita 50: inabaki chini ya gramu 1. Ni kama kusuuza nguo, maji mawili yanashinda ndoo moja kubwa.

Na huhitaji maji maradufu. Maji masafi yanaingia disolta ya pili, yakitoka hapo yanapelekwa ya kwanza. Kinachoongezeka ni chombo, transfoma na pampu.

Nyanza_Hoima
Na haya mafuta yetu ya Ziwa Albert, Uganda, yenye nta? Bomba la kwenda Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limepangiwa mfumo wa kupasha joto kwa sababu hiyo.

Dada_Maabara
Nta ikiganda inashikilia matone, kwa hiyo joto linakuja kabla ya yote. Kazi ya kutoa maji imepangiwa mitambo ya huko huko Uganda, Kasenyi na Kingfisher, kabla ya bomba.

MzeeWaChangamwe
Mwanangu wa Kigamboni, weka disolta mbili. Na kwenye mchoro wako usisahau maji yanayotoka chini: yana chumvi, yana mafuta, yana mchanga. Onyesha yanakwenda kusafishwa wapi kabla hayajafika baharini.

Mwanafunzi_Kigamboni
Sikuwa nimeyawekea sehemu kabisa, mzee. Naanza nayo usiku huu.