Naomba ushauri: "sylt" ya kwenye lingonsylt imetoka wapi?

Mgeni_Uppsala: Habari zenu wakuu. Niko Uppsala, Uswidi. Anayejua Kiswidi anieleze asili ya neno "lingonsylt". Kwenye kamusi nimekuta "sylta" ni nyama ya kichwa cha nguruwe iliyogandishwa. Usiku sijalala.

BintiTanga: Ni jamu hiyo, kula. Marehemu bibi yangu kule Lushoto alikuwa anapika jamu ya plamu sufuria zima, wajukuu tunagombania mwiko.

Fundi_Maneno: Lingon ni tunda dogo jekundu la msituni, jina lake lina undugu na "ljung", kichaka cha huko huko porini. "Sylt" asili yake ni Kijerumani cha Chini (cha kaskazini) cha zamani, "sulte", maji ya chumvi, ukoo mmoja na "salt", yaani chumvi. Nyama ya kuloweka ikabaki na jina sylta, matunda ya kupika na sukari yakawa sylt. Chumvi ndiyo iliyowakutanisha, si nguruwe. Na Kiswidi neno la mwisho ndilo linaloshika ngeli: lingon ni ngeli ya "ett", sylt ni ya "en", basi ni "ett lingon" lakini "en lingonsylt". Sisi kinyume, mwanasheria ni mwana kwanza. Ila mkuu, neno tu halimkoseshi mtu usingizi. Sema yote.

Mgeni_Uppsala: Haya. Mama wa mchumba wangu alinipa chupa ya lingonsylt wiki iliyopita, kachuma na kupika mwenyewe. Mimi Mwislamu, nikampa jirani. Jumapili mama anakuja kula kwetu. Bado naona nilifanya sawa, dini haina kubahatisha.

Mzee_Kigamboni: Dini haikukukataza kuuliza, kijana. Zawadi ya mkwe unaigawa kabla hujauliza?

Sidanganyiki: Hadithi ya kutunga hii. Lingon huiva Agosti na Septemba. Huu ni mwezi wa tano, kachuma wapi?

Mgeni_Uppsala: Alichuma Septemba iliyopita! Misitu ya huku yeyote anaruhusiwa kuchuma. Chupa ilikuwa stoo.

Fundi_Maneno: Inawezekana kabisa. Lingon lina asidi ya benzoiki ya asili, halishiki kuvu upesi. Zamani waliliweka kwenye maji matupu, bila sukari, likapita majira ya baridi.

Sidanganyiki: Basi samahani, ndugu.

BintiTanga: Sasa chupa iko wapi?

Mgeni_Uppsala: Nimetoka kugonga kwa jirani. Imebaki nusu, amenirudishia. Jumapili naiweka mezani hivyo hivyo, namweleza mama kila kitu.