Tupeane uzoefu: zawadi uliyoitumia kweli na ile iliyoishia juu ya kabati

Mwenye uzi
Habari wakuu. Kitchen party ya binamu imekaribia na grupu linawaka moto. Kamati imegawa vitu: huyu jiko la gesi, yule masufuria, mwingine ndoo na beseni. Shangazi kasusa, eti zawadi ya kupangiwa ni mchango tu. Mimi niko na kamati. Mwaka 1993 mchumi Joel Waldfogel aliwauliza wanafunzi wa Yale wangelipa kiasi gani kwa zawadi walizopewa sikukuu, mapenzi yawekwe pembeni. Ikaonekana kati ya sehemu ya kumi na theluthi ya thamani inapotea. Na waliokosea zaidi ni kina shangazi, wajomba na mababu! (Msimwambie.) Lete kisa chako.

#2
Yangu haikuwa na mgawanyo. Nilirudi na hotpoti za kufungulia duka, mwiko sina. Nikawa nazigawa kwenye sherehe za wenzangu na karatasi yake ileile. Moja nashuku imeshazunguka mtaa mzima.

#3, Tanga
Bora hotpoti haisemi. Wifi yangu alimletea mama doti ya khanga, kachagua rangi, jina hakusoma: "Hasidi hana sababu". Mama akaipokea kwa tabasamu, akasubiri wifi aondoke, akamwita kaka: "Mkeo amenikusudia mimi?" Ilibidi wazee wakae. Huku kwetu jina la khanga husomwa kwanza, rangi baadaye.

#4, Mwanza
Mzee alipostaafu tulichanga tukamnunulia televisheni kubwa. Alikuwa ameshasema anataka pampu ya kupulizia dawa shambani, tukaona pampu gani tena hiyo, haina shangwe. Ukweli ni kwamba tulitaka kuuona uso wake boksi likifunguliwa. Tukauona, dakika mbili. Televisheni wanaangalia wajukuu. Pampu alijinunulia mwenyewe.

#5
Mnasahau daftari. Mama yangu ameandika nani alimtunza nini, shughuli gani, na siku ya mwenzake harudishi pungufu. Mfaransa Marcel Mauss aliliandika hilo 1925: kutoa, kupokea na kurudisha vyote ni wajibu. Kina mama wa uswahilini hawakumhitaji. Shangazi wa mwenye uzi hana kosa: beseni la kupangiwa litaandikwa vipi kwenye daftari?

#6, Maskati
Huyo Waldfogel wenu mimi simkubali. Nyumbani natuma pesa kila mwezi, ada, dawa, mpaka luku. Hakuna anayekumbuka hata moja, na siwalaumu, pesa ikiingia kwenye simu inatoka na shida yake. Lakini nilimpelekea bibi blanketi zito. Kila mgeni anaonyeshwa: "Hili mjukuu wangu kalibeba mwenyewe kutoka Uarabuni." Kwa bei, halifikii hata nusu ya ada ya muhula mmoja. Alichokipenda ni kwamba nilipita dukani nikiwaza baridi ya Lushoto na miguu yake. Mnasema mapenzi yawekwe pembeni. Sasa hapo kinabaki nini cha kupima?

#2
#6 umenigusa. Ila kwa bibi arusi asiye na mwiko, kamati iendelee.

#4, Mwanza
Mkuu wa Maskati, hilo blanketi ni la sufu au lile la manyoya? Nina bibi Njombe.