Uzi wa waliojitolea wakiwa wanafunzi, Dodoma na kwingineko: nani alilipa nauli, na kilibaki nini?

MtotoWaMakulu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Likizo ndefu inakaribia na kwenye magrupu ya chuo matangazo ya "njoo ujitolee" yameshaanza: kupanda miti, kufundisha watoto, kwenda kijijini kupima presha. Mengine yanataka uchangie fulana kwanza! Kwa anayeishi kwa bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo), fulana, nauli ya Noah na kula wiki mbili si kitu cha kusema "tutajua hukohuko". Sasa nauliza kwa mliokwenda, ndani au nje ya nchi: nani aligharamia, na mlipoondoka palibaki nini? Picha tumeshaziona, tusimulieni mengine.

Nianze na langu, ni fupi. Tulipelekwa kupanda miti pembezoni mwa jiji, mwezi wa tano. Dodoma, mwezi wa tano! Mvua za huku zinaanza Desemba, ikifika mwisho wa Aprili zimekata. Lakini mgeni rasmi nafasi yake ilikuwa mwezi wa tano, basi na miti ikapandwa mwezi wa tano. Mbuzi hata hawakuhangaika kuja.

KibuyuChirizi

😂 Mbuzi wa Dodoma wana akili mkuu.

Mimi niko upande wa afya. Tulikwenda kijiji kimoja Chamwino kutoa elimu ya trakoma, wengi wanaita vikope. Chamwino na Kongwa ugonjwa huu una historia ndefu. Vijidudu vinahama kwa vidole, kwa nzi, na kwa ile khanga moja inayofuta nyuso za watoto wote wa nyumba. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, ukubwani kope zinageukia ndani zinakwaruza jicho mpaka mtu anapofuka. Dawa ipo, lakini nyuso zisiponawishwa mnarudi palepale.

Mkutano wa kwanza tuliuita saa nne asubuhi, msimu wa palizi. Walikuja mwenyekiti wa kitongoji, mzee mmoja na wajukuu zake. Wengine wote shambani toka alfajiri. Mtendaji akatwambia, "Vijana, subirini siku ya mnada." Siku ya mnada tukajibanza jirani na wachoma nyama, "Mbukwenyi!" moja, salamu ya Kigogo, watu hao wamejaa.

Tukaonyesha kutengeneza kibuyu chirizi cha kunawia: dumu la lita tano, msumari uliopashwa moto, tundu chini kidogo ya mfuniko, kamba, na kijiti cha kukanyaga ili dumu liiname. Bibi mmoja akakanyaga, akaangalia maji yanavyotoka, akakanyaga tena. "Hili lenu linamwaga maji ya kunawisha watoto wanne." Akaomba dumu jingine na sindano ya kushonea magunia, akatoboa lake. Mchirizi ukatoka mwembamba, unatosha kabisa uso mmoja. Kuanzia siku ile sindano ya magunia ikaingia kwenye orodha yetu ya vifaa. Ukiwa unachota maji mbali kama wao, hesabu hiyo hufundishwi na mtu wa chuo.

Usafiri na chakula vililipwa na mradi. Tulipopita tena kijijini, kaya kadhaa zilikuwa navyo na vina maji. Vingine kamba ilishakwenda kufungia ndama.

MamaZabibu

Wanangu, mimi chuo sijasoma ila nimewapokea nyumbani kwangu hao wa kujitolea, wanapangwa wawili wawili, mmoja Mtanzania mmoja mzungu. Wazuri, wana adabu. Yule mzungu mlenda aliuogopa siku mbili tu, ya tatu anaomba kuongezewa. Aliyenisumbua ni wa kwetu, binti wa Dar, nywele anaosha kwa ndoo mbili! Hela ya chakula nilikuwa napewa, ya maji hakuna aliyeikumbuka, na mimi maji nanunua kwa dumu. Mwanzisha uzi umeuliza nani alilipa. Kwenye maji, mimi.

MtotoWaMakulu

Shikamoo mama. Hii ya maji sikuwahi kuifikiria kabisa.

SautiYaJuu

Yangu haikuhitaji nauli. Chuoni kwetu kuna wenzetu wasioona, nikawa nawasomea vitabu na kurekodi kwenye simu. Maandishi si kazi. Kazi ni michoro. Wewe mwelezee mtu mchoro wa mahitaji na ugavi kwa mdomo, "huu unapanda, huu unashuka, wanakutana hapa", uone kama utaeleweka. Mwishowe mwenzangu mwenyewe, aliyesoma shule ya msingi ya wasioona Buigiri, akaniambia nichukue uzi na gundi, niubandike juu ya karatasi ngumu. Akapitisha kidole, akanyamaza kidogo, akasema mwalimu amekosea bei ya msawazo. Tukaangalia ubaoni. Kweli.

UlayaNimerudi

Mimi nilikwenda Ujerumani mwaka mzima, nyumba ya kutunzia wazee. Mpango wao wa kujitolea, weltwärts, ulianza 2008 ukiwaleta vijana wao huku, kuanzia 2013 na sisi tukafunguliwa mlango wa kwenda kwao. Umri miaka 18 hadi 28. Tiketi, bima, malazi na hela ndogo ya matumizi unapewa, kwa hiyo mtu akikwambia utume "ada ya usajili" kwa simu, huyo ni tapeli, kimbia.

Siku ya kwanza nilipewa karatasi nisaini: marufuku kumpiga picha mzee bila ridhaa ya maandishi. Nikakumbuka huku kwetu, mtoto ana kamasi puani na watu kumi wamemzunguka na simu. Kule nililisha watu, nilisukuma viti vya magurudumu na nilifungwa sana karata. Picha yangu na mzee wa pale sina hata moja.

MzeeWaMpwapwa

Hili la nani analipa ni la zamani, vijana. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar kupinga masharti ya kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), likiwemo la kukatwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwatimua mamia, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20.

Mimi nilifundishwa na mwalimu wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote ya 1977. Kijana wa darasa la saba, ametuzidi miaka michache tu, anafundisha huku naye anasomea ualimu. Hakuwa wa kujitolea, alikuwa na kaposho. Watu wanawacheka walimu wale. Mimi kusoma alinijulisha yeye, na jioni tulikuwa tunampiga chenga mpirani.

DiplomaMkononi

Wakuu, nina diploma ya ualimu, nataka kujitolea shule ya Bahi huku nasubiri ajira. Naenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu?

KibuyuChirizi

Usiende hivyo. Anzia halmashauri na vyeti vyako, upate barua. Ukiwa na barua unashuka kwa mtendaji wa kata, kisha shuleni. Kabla hujahama ulizia nyumba na kama kamati ya shule inachangia chochote, hata debe la mahindi. Wakikwambia "tutaangalia", jua hakuna.

MamaZabibu

Na maji. Uliza dumu ni shilingi ngapi.