Land Cruiser iliyobadilishwa injini au Hilux isiyoguswa? Nipo Kigoma

Mwana_Kibirizi
Wakuu, naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela. Nasomba dagaa na mawese kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu, nikirudi napakia maharage. Mpaka leo nakodi kirikuu, na faida yote inaishia kwa mwenye gari. Nina milioni 20.

Ya kwanza ni Land Cruiser HJ47 pikapu ya 1982, ipo Mwandiga. Injini ya 2H imetolewa, imefungwa 1HZ yenye turbo, gia boksi ya gia tano na stelingi pawa. Chesisi imerefushwa nyuma ili ibebe zaidi. Rangi inang'aa, na moyo wangu umeshaenda huko, maana marehemu baba aliendesha ya aina hii.

Ya pili ni Hilux LN106 ya 1994, injini ya 3L (ni jina la injini, si lita tatu), haijaguswa, rangi imefifia, ipo Tabora. Bei zinakaribiana.

Fundi_Gungu
Mkuu, 1HZ kwenye 47 si kosa. 2H ni lita 4.0, hii ni 4.2, na spea zake si shida huku kwetu kwa sababu mikonga mingi (Land Cruiser) ya mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi ina injini hiyohiyo. Gia ya tano nayo utaishukuru kwenye lami. Zile za gia nne injini inalia njia nzima.

Kinachonitisha ni turbo. 1HZ haikutoka kiwandani nayo. Fundi akiongeza dizeli kwenye pampu ili gari lipate nguvu, halafu upande mlima na mzigo bila kipimo cha joto la moshi, silinda hedi inapasuka. Uliza pampu iliguswa na nani. Halafu 1HZ ina mkanda wa taimingi, 2H ilizungusha taimingi kwa gia, haina mkanda. Kama muuzaji hajui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu unaubadilisha siku ya kwanza.

Mama_wa_Katonga
Mwanangu, rangi isikupumbaze. Gari langu la kwanza nililipenda hivyohivyo, kumbe lilibeba chumvi ya Uvinza miaka mingi. Chini ya puti chuma kilikuwa kinatobolewa kwa bisibisi. Na wewe unabeba dagaa, majimaji yake nayo yanakula chuma. Lala chini ya gari, ulichunguze mwenyewe.

Dereva_Urambo
Mimi nasema Hilux. Tani moja inabeba, haina nguvu ya kukimbilia mlima lakini mafundi wote wanaijua. Hiyo nyingine kwanza linganisha namba ya injini na kadi. Kama kadi bado inasoma injini ya zamani, mwenye gari akarekebishe TRA ndipo hela itoke. Nilishawahi kununua kwa haraka, gari likalala nyumbani miezi minne huku nafuatilia karatasi.

Fundi_Gungu
Karatasi zinarekebishika, ndugu yangu. Chesisi je? Ikiwa imeungwa, iwe imekatwa mshazari na kuwekewa vibao vya chuma ndani na nje. Ikiwa imekatwa wima ikachomelewa tu, mzigo wa nyuma utaikunja palepale kwenye kiungo.

Mwana_Kibirizi
Nimerudi Mwandiga sasa hivi. Nimelala chini na fundi wangu. Kiungo kimekatwa wima, kibao hakuna hata kimoja, na upande wa kulia kuna ufa mwembamba uliopakwa rangi juu. Kadi bado inasoma 2H. Pampu, muuzaji anasema iliongezwa "kidogo".

Nimemwambia nitaichukua milioni 11 kadi ikishanyooka, ili nitafute chesisi nzima ya 47 nihamishie kila kitu. Amekataa. Imeniuma, sitaficha. Alhamisi napanda treni kwenda Tabora kuiona Hilux. Dereva_Urambo, kaka, kama utakuwa karibu naomba uje tuiwashe ikiwa ya baridi.

Dereva_Urambo
Nitakuwepo. Mwambie mwenye nayo asiiwashe kabla hatujafika.