Mnaouza Benz za zamani mtandaoni, mnatuuzia nembo! Nimetoka Mbezi Beach leo nikiwa na hasira

Wakuu, nimefika nyumbani Tabata saa 12 jioni, sijala, nimekaa kuandika kabla hasira haijapoa. Elfu tisini imekwenda na Jumamosi yangu imekwenda. Elfu hamsini ya fundi, elfu ishirini ya usafiri, na elfu ishirini nyingine dalali aliita "hela ya usumbufu" kabla hata hajafungua geti.

Tangazo lilisomeka hivi: "Mercedes-Benz 560SEL ya 1982, namba A, rangi ya kampuni haijaguswa, injini orijino, km 86,000 tu, gari ya kigogo, haina shida yoyote, ni mafuta yako tu. Vinteji, zimebaki chache duniani. Milioni 68, maongezi yapo kidogo kwa mteja siriasi."

Mnaozijua hizi gari mmeshaona kitu. 560SEL ya 1982 haipo. Haikuwahi kutengenezwa. Bodi hii, ambayo kiwandani inaitwa W126, ilitoka 1979, na 560 ikaingia 1985 walipoifanyia mabadiliko. Kwa hiyo ama mwaka ni wa uongo, ama hayo maandishi ya 560SEL ni ya uongo. Nikajipa moyo kwamba huenda kakosea mwaka, watu wengi hukosea. Nikampigia dalali. "Bosi wangu, gari ni ya moto, kuna mteja wa Arusha anatuma hela Jumatatu, wahi na milioni mbili ya kuishikilia." Nikamwambia sitoi hata shilingi kabla fundi wangu hajaiona.

Niwaambie kwa nini nilikwenda. Marehemu mzee wangu alikuwa dereva wa shirika moja la umma miaka ya themanini, akimwendesha meneja kwenye 280SE. Watu mtaani walikuwa wanawasema Wabenzi, lakini sisi watoto tulichokuwa tunakiona ni mzee akiipangusa ile gari Jumapili kwa kitambaa cha flaneli kama anamwogesha mtoto. Alijua sauti ya kila kitu mle ndani. Nimeweka akiba miaka sita ninunue moja. Nataka ya kuiendesha mwenyewe mpaka nizeeke nayo, siyo ya kukodisha kwenye harusi. Ndiyo maana mtu akiichezea hii gari naumia kuliko angeniuzia Vitz mbovu.

Nikamchukua fundi wangu wa Ilala, mzee mmoja ambaye Benz ndiyo maisha yake tangu enzi za W114, Benz za kabla ya hizi. Tukafika saa 4 asubuhi. Gari iko chini ya mwembe, nyeusi, inang'aa mpaka unajiona uso.

Fundi hakuangalia mng'ao. Alizunguka nyuma, akafungua mlango wa abiria, akaupima kwa shubiri, akanigeukia: "Kaka, hii siyo ndefu." SEL ina urefu wa ziada wa sentimita 14 kati ya tairi za mbele na za nyuma, na urefu huo wote uko kwenye mlango wa nyuma na nafasi ya miguu ya abiria. Mlango wa hii ulikuwa mfupi. Nembo ya 560SEL pale kwenye buti ilikuwa mpya kuliko kitu kingine chochote kwenye ile gari.

Tukafungua boneti. Namba ya chasisi kwenye W126 imegongwa kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini, huhitaji tochi wala kulala chini. Inaanza WDB126, halafu tarakimu tatu zinazotaja gari ni ipi hasa. 560SEL ni 126039. Hii ilisoma 126022, yaani 280SE. Na hiyo 280SE kiwanda kiliacha kuitengeneza 1985, mwaka uleule 560 inaanza. Haziwezi hata kukutana.

Halafu injini. Wakuu, ilikuwa 1G ya Toyota, ile ya Mark II. Hapa naomba nieleweke vizuri. Simlaumu mtu aliyeweka 1G kwenye Benz yake. Mfumo wa mafuta wa zile 280 ni K-Jetronic, ule wa kimakanika, na ukiharibika kigawanyio cha mafuta unaweza kuhangaika miezi unatafuta kizima. Kuna watu gari zao zingekuwa banda la kuku leo bila 1G. Iweke, itembee, ifurahie. Lakini ukija kuiuza usiandike "injini orijino". Ile 280 ilikuwa na silinda sita za cc 2746, na kadi ya gari, ambayo dalali aliishika mkononi akiipepea, inasoma hivyohivyo: cc 2746, namba ya injini ambayo haipo tena. Hakuwa amesoma kadi aliyoishika mwenyewe! Na mnunuzi ndiye angekwenda kubabaika TRA siku ya kubadili umiliki, kadi inasema hivi na gari iko vile.

Kadi hiyohiyo ilisema rangi nyeupe. Mbele, kwenye chuma kinachoshika rejeta, kuna kibati chenye namba ya rangi ambayo gari ilitoka nayo kiwandani. 040 ni nyeusi. Cha hii kilisoma 737, ambayo ni nyeupe. "Rangi ya kampuni haijaguswa." Fundi akatoa sumaku amefunga kwenye kitambaa laini, akaipitisha taratibu. Juu ya milango inashika. Ukishuka chini kuelekea kizingiti, inaanguka. Kuzunguka kioo cha nyuma, inaanguka. Kwenye matundu ya jeki, puti tupu. Pale kwenye kioo cha nyuma ndipo W126 nyingi huanzia kuoza, maji yanapenya yanaingia buti, na sisi hapa na upepo wa bahari mwenye gari huja kujua pameshatoboka. Plastiki za ubavuni nazo zilikuwa zile laini za baada ya 1985, wakati gari ya 1982 hutoka na zenye mistari. Zimeshikiliwa kwa skrubu za bati. Kwa hiyo mtu alikaa chini, akapanga, akatafuta plastiki, akatafuta nembo, ili 280SE ionekane 560. Hiyo siyo bahati mbaya.

Kilomita ni habari fupi. Tuliiendesha mpaka Afrikana na kurudi. Ilisoma 86,412 wakati wa kutoka na 86,412 wakati wa kurudi. Mshale wa spidi haukunyanyuka. Raba za pedali zimelika mpaka chuma.

Nikamuuliza dalali, milioni 68 umeitoa wapi? Akatoa simu. Akanionyesha habari ya ile Mercedes iliyouzwa mnada wa Stuttgart Mei 2022 kwa euro milioni 135, zaidi ya shilingi bilioni 300. "Unaona mkuu, Benz za zamani ndiyo bei zake, hapa nakupa bure."

Hapa ndipo damu ilinipanda. Ile ni 300 SLR Uhlenhaut Coupé ya 1955. Zilitengenezwa mbili tu. MBILI. Kampuni yenyewe ilizihifadhi karibu miaka sabini kabla ya kuuza moja. W126 za milango minne zilitoka zaidi ya laki nane! Uzee hauipi gari bei. Kinachoipa bei ni zilitengenezwa ngapi, imebaki nzima kiasi gani, vitu vyake vya kiwandani viko wapi, na karatasi zake zinasema nini. Gari ya 1982 iliyoondolewa injini, rangi, gia na kioo cha spidi ina miaka mingi tu, basi. Na hata hizo bei mnazozitoa kwenye matangazo ya Ujerumani na Uingereza, ile ni bei anayoiomba muuzaji. Siyo bei iliyolipwa. Hii yenyewe niliiona mwembe uleule, Ramadhani ya mwaka jana kwa dalali mwingine kwa milioni 45. Haikununuliwa. Imekaa, imeoza zaidi, imepanda milioni 23.

Najua mtasema kuagiza ni ghali. Ni kweli, sibishi. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa, na uchakavu juu yake kwa gari iliyopita miaka kumi, zote zinapandiana. Gari iliyopo nchini tayari na yenye kadi ina thamani ya ziada kwa sababu hiyo, na mimi niko tayari kuilipia. Lakini linganisha na gari ya hali hiyohiyo. Huwezi kuchukua gharama ya kuingiza 560SEL safi ukaibandika kwenye 280SE yenye puti.

Na hiyo "namba A" mnayoivimbia, inaonyesha tu gari ilipewa lini namba za mtindo huu. Haisemi kitu kuhusu chuma.

Sasa sikilizeni sehemu iliyoniuma zaidi. Tukiwa tunabishana, akatoka mama mtu mzima ndani ya nyumba, amejifunga kanga, anatembea taratibu. Nikamwamkia, akaitika, akauliza kama gari tumeipenda. Nikamwambia mama, gari nzuri ila milioni 68 siiwezi. Akasimama. "Sitini na ngapi, mwanangu? Mimi nimesema kumi na tano." Dalali akaanza kuangalia simu. Mama akaendelea, gari ilikuwa ya marehemu mume wake, ilikuwa nyeupe, injini ilibadilishwa marehemu akiwa hai na hakuwahi kuficha. "Hayo maandishi ya nyuma wameyabandika mwezi uliopita na hiyo rangi. Niliambiwa ndiyo itauzika."

Cha juu cha milioni 53, wakuu! Kwa mjane. Ambaye mwaka mzima anaambiwa wateja hawapo, wakati wateja wanakuja, wanaona bei, wanageuza. Kama angeandikiwa ukweli, "280SE ya 1982, injini 1G, inatembea, bodi inahitaji kazi, milioni 15 maongezi yapo", ingeondoka ndani ya wiki. Mimi mwenyewe ningemfikia 11 au 12, nikajua nyingine 10 inakwenda kwa fundi bodi. Ile rangi nyeusi imemharibia, kwa sababu sasa kila mnunuzi mwenye akili atajiuliza imefunika nini.

Kadi bado iko kwa jina la marehemu na mirathi haijafunguliwa. Kwa hiyo hata ningekuwa na 68 mfukoni, leo hakuna mtu pale mwenye mamlaka ya kunisainia. Ile milioni mbili ya "kuishikilia" ingeshikilia nini? Nilimweleza mama aende Mahakama ya Mwanzo na wanawe, apate usimamizi wa mirathi kwanza, ndipo auze. Alinishukuru. Dalali hakuniaga, na elfu ishirini hakurudisha.

NYONGEZA, saa 2 usiku: Wanaosema "hukulazimishwa kununua", mmesoma nilichoandika? Mtu anatangaza uongo wa mambo matano kwenye sentensi mbili, mimi nakwenda na fundi kwa hela yangu kuuthibitisha, halafu kosa ni langu? Mkuu uliyeuliza kama 126022 inaweza kuwa imegongwa upya, hapana, fundi aliikagua, chuma ni chake na inafanana na kadi. Na wewe uliyesema una 300SE ya mtu Upanga, nitumie picha ya chasisi kwanza, ya kioo cha nyuma upande wa chini, na ya kadi ukificha jina. Inatakiwa kusoma 126024. Picha za machweo Coco Beach sizihitaji.

NYONGEZA ya pili, saa 4: Dalali amenipigia, anataka nifute uzi, anasema namharibia riziki. Nikamwambia arekebishe tangazo nami nitaandika hapa kwamba amerekebisha. Nimetoka kuliangalia sasa hivi. Ameondoa 560SEL, ameandika 280SE. Rangi bado ya kampuni. Injini bado orijino. Bei bado milioni 68.