Nataka kutengeneza nyumba ya kutisha hapa Tabora siku ya Boxing Day, nianzie wapi?

BintiIsevya
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Mjomba ana godauni lake la zamani huku Isevya, lilikuwa la tumbaku, saivi liko tupu, tofali za kuchoma na bati juu, vyumba vinne vinafuatana kama mabehewa. Kila sikukuu watoto wa huku wanavaa nguo mpya wanazunguka mjini kutwa nzima, wanapiga picha, wanakula ashkrimu, basi wanarudi, hamna pengine pa kwenda. Mimi na wadogo zangu tumeamua tarehe 26 Desemba tufanye nyumba ya kutisha, mtu analipa mia tano anaingia huku anatokea kule sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Nimeona za Marekani kwenye video ila wale wananunua kila kitu dukani, mafuvu ya plastiki, mashine za moshi, mimi nina elfu themanini tu na humo humo kuna soda za wasaidizi. Nilivyo navyo ni vyandarua viwili vibovu, magunia, maboksi, spika moja ya blutuuthi na tochi tatu. Napangaje vyumba ili mtu aogope kweli, na hivyo vitisho natengenezaje kwa mkono? Chumba cha mwisho nilikuwa nawaza kiwe cha mganga, vibuyu, kitambaa chekundu, mafupa ya mbuzi na mishumaa mingi chini. Mnaonaje?

FundiKanyenye
Dada hiyo elfu themanini inatosha na chenji inabaki, usiogope. Kichwa unatengeneza hivi, pulizia puto, chana magazeti vipande virefu, pika uji mzito wa unga wa ngano weka na chumvi kidogo usioze haraka, chovya bandika, chovya bandika, safu tatu au nne ila kila safu ikauke kwanza ndo uongeze nyingine. Watu wanakosea hapo, wanabandika zote siku moja ndani inabaki mbichi inanuka. Halafu anza mapema, mwezi wa kumi na moja mvua zikichanganya hapa kwetu hakikauki kitu. Kikikauka toboa puto, kata macho na mdomo, paka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na ile gundi nyeupe ya maseremala, sehemu za mashavu bandika tishu iliyolowa gundi ijikunje kunje yenyewe inakuwa kama ngozi ya maiti kabisa. Usiku viweke juu, panya wanapenda sana uji wa ngano, mimi walishanilia pua zote mbili.

Chandarua usikitupe hicho ndo dhahabu. Kichane chane chini, kining'inize kwa uzi mwembamba kwenye kenchi, mlango ukifunguliwa upepo unakisogeza chenyewe. Mtu akikiona kinatembea bila mtu roho inamtoka.

Damu chemsha choya na sukari mpaka iwe nzito kama asali, ongeza kakao kijiko kimoja iwe nyeusi nyeusi kama iliyokaa. Usiku huo huo uifute maana asubuhi utakuta sisimizi ukoo mzima.

Mama Shija
Mwanangu wazo lako la kufurahisha watoto ni zuri sana na Mungu akubariki, ila hicho chumba cha mganga kiondoe. Nakuambia kama mzazi niliyekulia huku huku. Wewe utajua ni mchezo, ila mtoto ataenda kumsimulia bibi yake nyumbani kwamba kwa fulani Isevya kuna vibuyu na nguo nyekundu na mafupa, maneno yatazunguka sokoni yatarudi kwako si mchezo tena. Kanda yetu hii vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi eti kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni miaka sitini. Kwa hiyo hata sura ya bibi kizee mwenye macho mekundu usiitengeneze. Na usimpake mtu unga mweupe mwili mzima ukamwita mzimu, ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo mikoa hii, wapo watoto wao watakuja na mia tano zao kwenye hiyo nyumba yako. Wakifika wajione wao ndio kitisho? Hapana.

Tumia zimwi. Zimwi la kwenye hadithi kila mtoto analijua, lina meno, lina kucha, linakula watu, na halifanani na jirani yeyote. Tulisimuliwa usiku tukikoboa karanga na tulikuwa hatuwezi kwenda chooni peke yetu. Na mwenyekiti wa mtaa umwambie mapema, umtembeze ndani mchana akiona maboksi na magazeti, ili usiku zikisikika kelele ajue cha kuwajibu watu.

MwishoWaReli
Namuunga mkono mama hapo juu kwa asilimia zote. Nipo Kigoma, sisi tulifanya ya kwetu Kibirizi mwaka juzi kwenye nyumba ambayo haijaisha, tukaifanya kama mtumbwi uliopotea ziwani na wavuvi wake ndo wanarudi usiku. Nyavu za dagaa zilizochakaa tulizipata bure, zile tundu ni ndogo ndogo ukizitandaza darini na kuzivuta vuta kwa vidole ni utando wa buibui kabisa. Zifue kwa sabuni mara mbili la sivyo nyumba nzima ni dagaa na watu wanasikia njaa badala ya kuogopa.

Sasa kuhusu kupanga, sikiliza hili maana lilituumiza. Tulimweka jamaa wetu mbele kabisa mlangoni mwa chumba cha pili, akiruka anapiga kelele. Kundi la kwanza waliporuka wakageuka kukimbia nyuma wakakutana na wenzao wanaokuja, wakaangukiana, mtoto mmoja akachunika goti, tukasimamisha nusu saa nzima. Kitisho kitokee ubavuni au mgongoni, ili mtu akikimbia akimbilie mbele anakotakiwa kwenda. Njia iwe moja tu, wanaingia wanne au watano, hawaingii wengine mpaka wale wametoka.

Na usitishe kila hatua. Chumba cha kwanza acha kitupu kabisa, giza na sauti ya maji yanadondoka kwenye ndoo, tone, kimya, tone. Watu watatoka juani hawaoni kitu, macho yanachukua dakika nyingi kuzoea giza, hapo wanajitisha wenyewe unawaangalia tu. Chumba cha pili weka kitu wazi wakiangalie, zimwi limekaa kwenye kiti halisogei, wote macho kule, halafu mtu wako aliyejificha nyuma ya gunia upande wa pili anamgusa wa mwisho kisigino kwa ufagio wa chelewa. Amguse kidogo tu. Sisi hilo ndilo lililopigiwa kelele kuliko yote na halikutugharimu hata senti.

MwalimuMstaafu
Habari wanangu. Nimefundisha fizikia miaka mingi, nimefurahi sana kuona swali hili. BintiIsevya, kwa kuwa vyumba vyako vinafuatana na pengine kimoja kina mlango wa pembeni, unaweza kumleta mzuka unaoonekana na kupotea mbele ya macho ya watu, kwa kioo cha dirisha tu. Mwaka 1862 pale London, John Henry Pepper aliwaonesha watu jambo hili kwenye jukwaa la Royal Polytechnic, wazo la mwanzo likiwa la injinia Henry Dircks, na Haunted Mansion, nyumba ya kutisha ya bustani ya burudani ya Disneyland huko Marekani iliyofunguliwa 1969, ina ukumbi mzima wa mizuka inayocheza dansi kwa ujanja huo huo.

Kisimamishe kioo kwa mshazari wa nyuzi 45 kati ya watazamaji na chumba cha mbele. Mbele weka kiti kitupu, mwanga hafifu. Chumba cha pembeni, ambacho watazamaji hawakioni, asimame mtu wako mbele ya kitambaa cheusi na tochi ya kujimulika, umbali wake hadi kwenye kioo ulingane na umbali wa kile kiti hadi kwenye kioo. Tochi ikiwa imefunikwa kioo hakionekani, wanaona kiti tu. Mtu wako akifunua tochi taratibu kwa kiganja, sura yake iliyo kwenye kioo inaonekana pale kwenye kiti, unaona na kiti chenyewe kupitia mwilini mwake. Akifunika, hayupo. Ziba tundu zote za misumari kwenye bati kwa udongo au vitambaa, mwale mmoja wa jua ukipiga kioo siri imevuja. Kioo kiwe kinene, chenye fremu, na kamba mbele yake watoto wasikifikie.

La pili ni moto na hapa naomba unisikilize sana. Tarehe 11 Mei 1984 huko New Jersey, Marekani, nyumba ya kutisha iliyoitwa Haunted Castle iliungua na vijana wanane walifia ndani. Ukutani mlikuwa na sponji, moto ukakimbia, moshi ukajaa, giza, na njia imepindapinda. Wewe una magunia, magazeti, chandarua na nyavu. Mishumaa hapana, koroboi hapana, hata mmoja. Tumia tochi. Na kama ulifikiria kutandika godoro chini ya mkeka ili miguu izame, tia pumba za mpunga kwenye viroba badala yake na uzimwagie maji kidogo, mguu unazama vile vile. Mlango wa kutokea usifungwe kwa komeo, ndoo za mchanga na maji kila chumba, na mmoja wa wadogo zako asimame na tochi kubwa kazi yake iwe kuwasha tu mtu akilia kweli.

BintiIsevya
Jamani nimesoma yote mara mbili nimekaa kimya. Mama Shija shikamoo, asante sana, la macho mekundu sikulifikiria kabisa na bibi yangu mwenyewe anapikia kuni. Mganga nimemfuta, ni zimwi. Mishumaa nimeifuta. Mwalimu shikamoo, kweli chumba cha tatu kina mlango wa pembeni unaoenda kwenye stoo ndogo, leo jioni napima. Ila bati likipigwa na mvua spika yangu haisikiki, nifanyeje?

MwishoWaReli
Hiyo spika usiitundike juu, iweke ndani ya pipa tupu, mdomo wa pipa uelekee ukutani. Na mvua ikiwa kubwa sana izime kabisa, acha lile bati lenyewe lifanye kazi, we mwambie wa ufagio asogee chumba cha kwanza.

FundiKanyenye
Kioo usinunue kipya dada, pitia kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu wana vipande vikubwa vimebaki. Nikitoka kazini Jumamosi nakuja na kibajaji tukibebe, kiweke wima usikilaze.